Tumbo la Uzazi Si Sufuria

Hapa Bunia, mwanamke akimaliza miaka miwili ya ndoa bila mimba, mama mkwe hana maneno mengi: "Aende asafishwe tumbo." Mmoja hupewa mizizi iliyochemshwa, anywe na kujiosha nayo kwa ndani. Mwingine hupelekwa kwa muuguzi wa mtaani afanyiwe kiretaji, yaani akwanguliwe mji wa mimba kwa chuma. Eti uchafu ukitoka, mtoto ataingia.

Uchafu gani? Kinachokwanguliwa pale ndicho kitanda cha mtoto. Utando wa ndani ya mji wa mimba huota upya kila mwezi: hedhi ikiisha unabaki na milimita 2 hadi 4, kisha homoni za ovari huunenepesha. Madaktari wanaopandikiza mimba hupenda ufike milimita 7 au zaidi. Ukiwa mwembamba kuliko hapo nafasi hupungua, ingawa wapo waliozaa. Chuma kikizama sana hung'oa hata tabaka la chini linalouotesha, na kuta za mji wa mimba hushikana kwa makovu. Daktari Joseph Asherman aliandika habari hiyo mwaka 1948.

Kiretaji kina kazi yake, mimba ikiharibika na mabaki yakagoma kutoka. Kwa asiyewahi kushika mimba, ni kumjeruhi.

Jirani yangu wa Mudzipela amekwanguliwa mara tatu. Hedhi yake ya siku tano ikageuka madoa ya siku moja, na wakwe wakashangilia: tumbo limetakata! Alinionyesha karatasi ya ekografi, imekunjwa mara nne ndani ya pindo la kitenge. Katikati ya mwezi wake, milimita 4. Anataka kuuza kiwanja aende Kampala, kwa kuwa Uganda imeshapata watoto waliotungwa maabara tangu 2004. Lakini hata huko, kovu lazima likatwe kwanza, kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani, na si kila utando unaorudi.

Nikamuuliza, "Dada, bwana yako alipimwa lini?" Akainamisha kichwa. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana sehemu yake, na kipimo cha mbegu zake ni kikopo na darubini tu. Miaka sita sasa, hakuna hata mkwe mmoja aliyemtajia mwanawe kikopo hicho.