Daraja lenye bustani halitafaa likiwa mbali na njia ya wapitaji

ELDORET ilipotunukiwa hadhi ya jiji mnamo Agosti 15, 2024, suala la kuvuka barabara kuu kwa usalama halikuwa tena la Nairobi na Mombasa pekee. Barabara ya mchepuo ya kilomita 32 kutoka Cheplaskei hadi Leseru imepita katikati ya mashamba na makazi. Kaskazini mwa jiji, katika kituo cha biashara cha Ziwa, eneobunge la Soy, magari ya masafa hupita palepale wanapopita wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi.

Kwa hali hiyo, wazo la kujenga daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, lililopambwa kwa miti na maua, lina mvuto wake. Jijini Seoul, Korea Kusini, daraja la magari lililojengwa 1970 liligeuzwa bustani ya watembeao na kufunguliwa upya 2017. Hata hivyo, daraja hilo linaunganisha stesheni ya reli na soko kubwa. Watu hulipita kwa kuwa linawafikisha waendako. Maua ni nyongeza.

Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilitoa funzo chungu. Madaraja ya wapita njia yalijengwa, lakini wengi waliendelea kukimbia baina ya magari. Kuwaita wakaidi ni rahisi. Ukweli ni kwamba mtu aliyechoka hupima umbali, ngazi, giza na hofu ya kuporwa, kisha huchagua njia fupi, hata ikiwa ni ya hatari.

Mwenye baiskeli ana mzigo zaidi, kwa maana ngazi hazimfai. Sakafu ya daraja ikiwa mita 6 juu ya barabara, mteremko wa wastani wa mita 1 kwa kila mita 20 unahitaji urefu wa mita 120 kila upande. Muuza maziwa atalazimika kwenda mita 240 zaidi ili avuke barabara ya upana wa mita chache tu. Kadiri mteremko unavyofupishwa, ndivyo unavyokuwa mkali, na mwenye kiti cha magurudumu huachwa nje kabisa.

Basi daraja la aina hiyo lina mahali pake: kwenye mchepuo, ambako magari huenda kasi, hasa pale ambapo barabara imechimbwa chini ya usawa wa ardhi na mpitaji hana haja ya kupanda. Kwa Ziwa, matuta, kivuko kilichoinuliwa, taa na njia ya kando ya baiskeli vingeokoa maisha mapema zaidi na kwa gharama ndogo.

Lipo pia suala la utunzaji. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, na tangu 2013 kaunti nazo zina barabara zao. Miti isiyo na mwenye kuimwagilia hukauka, na daraja lisilo na taa huwa maficho ya wahalifu.

Kati ya 2021 na 2024, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, waenda kwa miguu wakiwa kundi kubwa zaidi. Mhandisi anayetaka kuwanusuru na aanze kwa kutazama vijia walivyokwisha kuvichora kwa nyayo zao, ndipo achore daraja lake.