Kiraka Kilikuwepo, Mlikuwa Wapi?

Wasee, leo sina utani.

Kila mfumo ukidukuliwa, hadithi ni ile ile: "Wadukuzi wa siku hizi ni hatari." Zii! Mara nyingi mdukuzi hajafanya muujiza wowote. Amepita tu kwa mlango ambao fundi alishaletea kufuli, mwenye nyumba akaiacha kwa kabati.

Cheki Februari 2023. Programu ya kikombozi iliyoitwa ESXiArgs ilifunga faili kwenye maelfu ya seva za VMware ESXi huko Ufaransa, Marekani, Ujerumani na kwingineko. Ufaransa ilipotoa onyo, ilitaja mwanya unaoitwa CVE-2021-21974. Sasa sikia: VMware ilikuwa imetoa kiraka cha huo mwanya tarehe 23 Februari 2021. Karibu miaka miwili, buda!

Kama hujui ESXi ni nini, fikiria ploti. Seva ya chuma ndiyo jengo. Ndani kuna vyumba, yaani mashine pepe: kimoja kina barua pepe, kingine mishahara, kingine tovuti. Programu inayogawa hivyo vyumba inaitwa haipavaiza, na ndiyo inashika funguo zote. Ukiingilia chumba kimoja, umeumiza mpangaji mmoja. Ukinyang'anya mtunza ploti funguo zake, wapangaji wote wamekwisha.

Na hii si stori ya zamani. Tarehe 4 Machi 2025, Broadcom, ambao sasa ndio wenye VMware, walitoa viraka vya mianya mitatu ambayo tayari ilikuwa inatumiwa na wadukuzi.

Nilipokuwa mafunzo ya nyanjani kwa kampuni fulani, niliona haipavaiza yao haijaguswa tangu iwekwe. Mishahara ya watu wote ilikuwa humo. Nikamwambia mkubwa wangu. Akacheka. "Kijana, inafanya kazi, iache. Kunywa chai." Nikanywa chai. Sikusema tena mpaka siku yangu ya mwisho, na hiyo aibu ni yangu, sio yake peke yake.

Najua mtasema kiraka kinaweza kuangusha mfumo. Ni kweli, inatokea. Ndio maana unaweka nakala rudufu kwanza, unajaribu kwa seva ya pembeni, kama una seva mbili unahamisha mashine pepe kwa ile nyingine, kisha unasasisha. Una seva moja tu? Tangaza saa moja ya kuzima, Jumapili usiku. Na huduma usiyoitumia, izime. ESXiArgs ilihusishwa na OpenSLP, huduma ya kutafutana kwenye mtandao wa ndani. Kwa nini iwe wazi kwa dunia nzima?

Bosi anayekataa saa moja ya kuzima hajaokoa muda. Amekopa, na siku ya kulipa atalipa kwa wiki nzima ya giza, halafu karani asiyejua seva ni nini ndiye atakosa mshahara.

Kwa hivyo wewe unayesomea IT: ukifika kazini, swali lako la kwanza liwe, "Haipavaiza ilisasishwa lini?" Wakicheka, uliza tena, kwa maandishi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata simiti umeletewa mpaka mlangoni, na bado umekaa unaangalia ufa.