UKULIMA NA UFUGAJI: Chakula cha Samaki wa Bwawani

Juma hili twataka kusema machache juu ya chakula cha samaki, maana ni jambo linalowasumbua wafugaji wengi wa Machakos. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya mita 300 za mraba katika sehemu nyingi za nchi, na wakulima wengi wakajifunza kufuga perege, yaani samaki waitwao tilapia. Lakini mabwawa mengi yaliachwa yakaota majani, na sababu moja kubwa ilikuwa gharama ya chakula. Omena watokao Ziwa Victoria ni ghali, na tena ni kitoweo cha watu. Basi mkulima huuliza: Je, siwezi kuwalisha samaki wangu mazao ya shamba tu?

Aweza, ila kwa akili. Perege ana utumbo mrefu, naye kwa asili hula mimea midogo ya majini. Kwa hiyo chakula cha mimea chamfaa. Lakini pumba za mahindi peke yake hazitoshi. Perege ahitaji chakula ambacho karibu sehemu 30 katika 100 ni protini, na pumba hazifiki hata nusu yake. Samaki aliyelishwa pumba tupu hukawia kukua, na tumbo lake hujaa mafuta badala ya mwili kujaa nyama.

Akina mama wa Ukambani waijua dawa ya jambo hili tangu zamani. Wapikapo isyo, hutia mahindi na maharagwe katika chungu kimoja, na kila kimoja hutimiza upungufu wa mwenziwe. Kadhalika mashudu ya alizeti yamepungukiwa na laisini, ambayo soya inayo. Na soya imepungukiwa na methionini, ambayo alizeti inayo. Changanya hivyo viwili pamoja na pumba, nawe utapata chakula chema. Omena wachache ulio nao, wape vifaranga, kwani hao wahitaji protini zaidi kuliko samaki wakubwa.

Hata hivyo, yafaa kujihadhari na mambo matatu. Kwanza, soya mbichi ina kitu kizuiacho protini isisagwe tumboni. Hapana budi kuikaanga kabla ya kuitwanga. Pili, mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo ikizidi hudumaza samaki. Basi yatiwe kwa kiasi kidogo tu.

La tatu ndilo kubwa. Mahindi yakiota ukungu, mtu husema, “Hatuyali sisi, tuwape samaki.” Lo! Wenyeji wa Machakos, Makueni na Kitui hawajasahau mwaka 2004, sumu ya ukungu ilipoua watu 125 katika sehemu hizo na jirani zake. Samaki nao hudhurika. Mnamo mwaka 1960 huko Marekani, samaki wa kufugwa aina ya trauti walipatwa na kansa ya ini, na baadaye ikagunduliwa kwamba mashudu ya pamba waliyolishwa yalikuwa na sumu hiyo hiyo. Chakula kilichooza kitupwe, kisirudi mezani kwa njia ya bwawa.

Wengine hulalamika kwamba samaki wao wananuka tope, wakalaumu chakula cha mimea. Mara nyingi kosa si la mimea, bali ni la kulisha kupita kiasi. Pumba zisizoliwa huoza, maji yakachafuka, na vijidudu na mimea midogo ya majini hutoa harufu ile inayoingia katika nyama. Lisha samaki 1,000 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja kilo 3 tu kwa siku, mara mbili, jua likiwa limepasha maji moto. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikizidi, punguza, kwa maana samaki hupoteza hamu ya kula. Kabla ya kuwauza, waweke siku kadhaa katika maji safi bila chakula, na harufu itapungua.

Pima chakula chako kama upimavyo mbegu, nawe hutajuta siku ya kuvua.