Tukitumwa kazi ku ngambo, haki zivuke mupaka pamoja na sisi

Wandugu wa mine, na ninyi ba mama mwenye kubaki ku nyumba, tunaomba musome hii mupaka ku mwisho.

Mwenzetu mumoja, fundi wa kuunganisha vyuma, alisaini mukataba wake Likasi kwa patron mumoja wa sutretansi. Siku moja wakamuambia: "Jumatatu unapanda gari, unaenda Zambia, kazi ya miezi tatu mu mine ya kule." Hakuna kartasi alipewa. Mushahara ulibaki ule ule wa Likasi, lakini chumba na unga alinunua kwa kwacha, kwa bei ya kule. Mu juma ya sita, chuma ikamuponda vidole. Ku lupitalo wakauliza nani analipa. Wenye mine wakajibu: "Huyu haiko mutu wetu." Patron wa Likasi naye akajibu: "Aliumia ku Zambia, si huku kwetu." Mwisho bibi yake akauzisha mashine ya kushona juu bwana arudi.

Hatuandiki juu ya kulilia mutu mumoja. Tunaandika juu ile ulizo ya lupitalo, "nani analipa?", inchi zingine zilishaitafutia jibu mu sheria. Na sisi tuko na haki ya kudai jibu.

Kwa Kifaransa kazi ya namna hii wanaita détachement. Kampuni inatuma mufanyakazi wake atumike kwa muda mu inchi ingine, lakini mukataba unabaki na kampuni ile iliyomutuma. Ulaya walipata shida hii mbele yetu. Kampuni za inchi zenye mishahara midogo zilituma watu ku inchi zenye mishahara mikubwa na kuwalipa kidogo. Aliyetumwa aliibiwa, na mutu wa pale akaambiwa: "Wewe unaomba mingi, kuko wengine wa bei ya chini." Basi Umoja wa Ulaya ukatoa sheria, tarehe 16 Desemba 1996: saa za kazi, mapumziko, likizo, usalama na mushahara wa chini vifuate sheria ya pale kazi inafanyikia. Mwaka 2018 wakaikaza. Toka tarehe 30 Julai 2020, mushahara wa chini peke yake hautoshi tena. Aliyetumwa anapashwa kupata malipo yote ambayo sheria ya pale inalazimisha kwa watu wa pale. Feza ya kurudisha garama ya safari, chakula na kulala haiwezi kuhesabiwa kuwa mushahara. Na kazi ikipita miezi 12, ao 18 kama kampuni ilitoa sababu, karibu sheria yote ya kazi ya pale inamuhusu.

Tuangalie Ufaransa. Mbele mutu aanze kazi, kampuni inayomutuma inapashwa kumutangaza kwa enspeksio ya kazi. Inapashwa kutaja mutu mwenye kuwa pale Ufaransa, ambaye enspektere akiuliza, yeye anajibu. Mukataba, kartasi za mushahara, hesabu ya saa, na ushuhuda kama feza ililipwa kweli, vyote viwe tayari, tena kwa Kifaransa. Kama mutu ametoka mu inchi ingine ya Umoja wa Ulaya, anabeba kartasi inaitwa A1, yenye kuonyesha kama michango yake inaendelea kulipwa kwao. Na hapa tunaomba wandugu wasikie muzuri: ile kampuni kubwa yenye kupokea watu inapashwa kuhakikisha kama walitangazwa. Ikifumba macho, nayo inaweza kulipa amande, mupaka euro 4,000 kwa kila mufanyakazi, na 8,000 ikirudilia. Hakuna tena kusema "huyu haiko mutu wetu".

Hatusemi Ulaya ni paradizo. Kule pia kuko kampuni za uongo, zenye paka sanduku ya barua na jina ku mulango. Lakini enspektere akifika, iko na kitu cha kushika mu mukono.

Na huku kwetu? Hatuanzi na mikono mitupu. Kode ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, mu artikle yake ya kwanza, inasema inahusu kila mufanyakazi na kila patron, hata mukataba ulisainiwa wapi, mara tu kazi inafanyika mu Kongo. Inasema tena: kazi sawa, ufundi sawa, matokeo sawa, mushahara sawa, bila kuangalia mutu anatoka wapi. Mugeni naye anapashwa kuwa na karte ya kazi. Basi Muchina, Muhindi ao Muzambia aliyetumwa Kolwezi, sheria ya kazi ya Kongo inamulinda sawa inatulinda sisi. Lakini mukataba wake ukiwa umeandikwa mu Kichina, enspektere atausoma namna gani?

Yule mugeni haiko adui yetu. Wakati wa Union Minière, watu waliletwa ku Katanga toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Kasai, toka Ruanda-Urundi. Wengi kati yetu tuko wajukuu wa watu waliotumwa. Mugeni akilipwa kidogo na kufanyishwa kazi bila mapumziko, kesho patron atatupima sisi kwa kipimo kile kile.

Ndiyo maana tunaomba vitu vinne, kwa mugeni anayekuja na kwa mutoto wa Kongo anayeenda. Moja: atangazwe mbele ya safari, ku enspeksio za kazi za inchi zote mbili. Mbili: kartasi ya CNSS yenye kuonyesha nani anamubeba akiumia. Tatu: mukataba mu luga yeye anasikia, na mu luga enspektere anasoma. Ine: mine kubwa ijibu pamoja na sutretansi yake. Kongo na Zambia wanaweza kupatana juu ya hii. Shaba inapita Kasumbalesa kila siku na kartasi zake zote. Mutu naye apite na zake.

Wakubwa watasema garama itapanda, kazi itapotea. Kampuni za Ulaya hazikuacha kutuma watu juu ya ile sheria. Na shaba ya Katanga haiwezi kuhamia ingine pahali.

Tukingojea sheria, wandugu, wakikuambia "unaenda", omba barua yenye kutaja pahali, muda, mushahara, na nani analipa lupitalo. Achia bibi ao mukubwa wa familia kopi moja, na ingine uletee delege wa sendika. Patron akikataa kuandika, usipande gari mbele ya kutuona. Mutu mumoja akikataa, wanamufukuza. Timu yote ikiomba ile barua, wataiandika.