Machinga Hakui? Hoja Nne na Majibu Yake

Mjadala wa machinga, yaani wafanyabiashara wadogo wa mijini, uwe wa Dar es Salaam au Nairobi, huzunguka hoja zilezile. Nne kati yake husemwa kwa uhakika unaozidi ushahidi.

"Machinga anapata hela ya kula tu." Ingekuwa hivyo, kumwongezea mtaji kusingebadili kitu. Mwaka 2008 wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walichapisha matokeo ya jaribio la Sri Lanka, ambako wenye biashara ndogo walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa ruzuku ya thamani ya dola 100 au 200. Kwa wastani mtaji huo ulizaa takriban asilimia 5 kwa mwezi, kiwango kinachozidi riba ya benki. Hata hivyo, kwa wanawake faida hiyo haikuonekana. Uwezo upo, ila haukugawanyika sawa. Anayeahidi kwamba wote watakua naye anapotosha.

"Basi wapewe mikopo." Mikopo ya namna gani? Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka nchi zikiwemo India, Ethiopia na Moroko, zilikuta manufaa ya mikopo midogo ni ya wastani tu. Ratiba ya marejesho ni sehemu ya tatizo. Anayedaiwa rejesho karibu mara tu baada ya kukopa hathubutu kununua cherehani. Hununua bidhaa zinazotoka haraka. Katika jaribio la Kolkata, India, wakopaji waliosubiriwa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza waliwekeza zaidi, na baadaye faida yao ikawa kubwa zaidi. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo maana wakopeshaji wanasita. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani kwetu, haina hata huo muda wa kupumua.

"Waondolewe barabarani, wapewe jengo." Jengo walipewa. Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ilikaa miaka mingi vizimba vyake vingi vikiwa vitupu. Mteja wa machinga ni mpita njia: hununua soksi akiwahi daladala, wala hapandi ghorofa kuzitafuta. Mji una haki ya kudai njia ya watembea kwa miguu, lakini kabla ya kuhamisha meza uhesabu kwanza watu wanaopita huko zinakopelekwa.

"Wakirasimishwa watakua." Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya Sh20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Vilipunguza bughudha za mgambo, na hilo si dogo. Lakini piga hesabu: kiwango hicho ni karibu Sh11,000 kwa siku, tena mauzo, bado hujatoa gharama. Kinga dhidi ya mgambo na kodi, inayokoma biashara inapoanza kuchangamka, humfundisha mtu kubaki mdogo, au kuficha mauzo.

Wengi watabaki wadogo, na kusomesha watoto kwa meza ya nyanya si kushindwa. Wachache wanaoweza kufikia kuajiri wengine hawatambuliki kwa macho. Watajitokeza wakipata eneo la kudumu lenye wateja, marejesho yanayosubiri mtaji uzae, na kodi inayopanda taratibu. Mamlaka ambayo haijajaribu hayo matatu haina msingi wa kusema machinga hakui.