Uliza kazi yake kabla ya kuandika 'hafai'

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika kliniki yangu mwanamume wa miaka 34 aliyekuwa amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti, baada ya ajali ya bodaboda. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Mkononi alikuwa na barua ya mwajiri wake iliyouliza swali moja tu: je, mtu huyu anafaa kuendelea na kazi? Siku hiyo wagonjwa walikuwa wengi, nami nilikuwa na haraka. Nilitazama mguu, nikatazama magongo, kisha nikaandika maneno machache ambayo maana yake ilikuwa kwamba hafai. Nikapiga muhuri.

Baada ya miezi saba alirudi akilalamika kuumwa na tumbo na kukosa usingizi. Katika mazungumzo ndipo nilipojua kwamba ile barua yangu ndiyo iliyompotezea kazi. Nilimwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alinijibu kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko matusi: "Nilikuwa karani wa ghala, daktari. Nilikuwa nikiketi mezani, nahesabu mali na kuandika kwenye leja. Hukuniuliza."

Ninakusimulia kisa hiki, msomaji, ingawa kinaniaibisha, kwa sababu kila inapozungumzwa habari ya ajira kwa walemavu watu huinyoshea serikali na waajiri kidole. Wanastahili kunyoshewa, na nitawafikia. Lakini kuna mlango mmoja ambao mlemavu hupitia kabla hajafika kwa mwajiri wala kwa afisa wa serikali, nao ni mlango wa daktari. Tukiufunga hapo, sheria zote zilizotungwa kwa ajili yake hazitamfaa kitu.

Sheria zenyewe hazikosekani. Tangu mwaka 1968 serikali ilikuwa na waraka wa bunge uliohusu kuwapa walemavu mafunzo ya ufundi. Mwaka 1980 ulitangazwa kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu. Mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, ikaweka kanuni kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, wawe watu wenye ulemavu. Na mwezi Mei mwaka 2025 ilitiwa saini sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea walemavu angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi.

Tuifanye hesabu hiyo iwe nyepesi. Ukiwa na wafanyakazi 20, unadaiwa mtu mmoja. Ukiwa na 200, unadaiwa kumi. Huo si mzigo wa kumvunja mwajiri mgongo. Hata hivyo, ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimekuwa zikituonyesha kwamba idara za serikali kwa jumla hazijaifikia asilimia hiyo 5. Ikiwa aliyetunga sheria mwenyewe ameshindwa, mwenye duka la jumla au kiwanda cha sabuni atamwogopa nani?

Mipango mingine ipo pia, na wengi wanaoihitaji hawaijui. Baraza huwasajili walemavu na kuwapa kadi. Lina hazina ambayo husaidia, miongoni mwa mengine, kuwapa watu vifaa vya kuanzia kazi. Tangu mwaka 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na walemavu. Kwa amri iliyotolewa mwaka 2010, mlemavu aliyesajiliwa na kupata cheti cha msamaha hatozwi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi. Serikali ina pia vituo vya kuwafunza walemavu ufundi, kikiwemo kile cha Nairobi katika Eneo la Viwanda.

Kalamu ya daktari

Sasa tazama vile mambo hayo yanavyoanza. Ili upate kadi, ni lazima upimwe hospitalini na ripoti iandikwe. Ili usamehewe kodi, ripoti ya daktari inatakiwa. Mwajiri akitaka kujua kama atakuajiri, au kama atakubakisha kazini baada ya ajali, atataka barua ya daktari. Katika kila hatua kuna kalamu ya mtu kama mimi.

Na sisi madaktari tumefundishwa kutafuta kilichoharibika. Hilo ndilo jambo tunalolijua. Ripoti nyingi nilizozisoma, na nyingi nilizoziandika mwenyewe, zinaeleza kwa urefu kilichopungua: mguu huu haupo, jicho hili halioni, mkono huu hauna nguvu. Zikifika mahali pa kueleza mtu huyo anaweza kufanya nini na anahitaji kusaidiwa vipi, wino hukauka.

Jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote ni hili: hakuna mtu anayefaa au asiyefaa kwa kazi tu, hivi hivi. Mtu hufaa kwa kazi fulani, mahali fulani, akiwa na vifaa fulani. Swali lisilotaja kazi halina jibu la kidaktari.

Chukua mtu mwenye kifafa. Sitamruhusu kupanda juu ya jengo linalojengwa, kuendesha gari wala kusimama karibu na msumeno wa umeme au sufuria la mafuta yanayochemka. Lakini kifafa hutibika, na watu hadi 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watapata dawa zinazofaa na kuzimeza kila siku. Mtu huyo akiwa mhasibu, mwalimu au mshonaji, kuna sababu gani ya kumfukuza?

Chukua mtu mwenye ualbino. Jua ni adui wa ngozi yake na mara nyingi macho yake hayaoni mbali. Kumpa kazi ya kuuza bidhaa barabarani mchana kutwa ni kumtafutia saratani ya ngozi. Mpe kazi ya ndani, meza isiyopigwa na mwanga wa dirisha, maandishi makubwa kwenye kompyuta, na mafuta ya kujikinga na jua, ambayo Baraza lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino kupitia hospitali. Utaona kazi yake.

Chukua kiziwi. Mwili wake ni mzima kama wako. Anachohitaji siku ya mahojiano ni mkalimani wa lugha ya ishara, na siku nyinginezo ni wenzake kumwandikia ujumbe kwenye simu na kujifunza ishara chache.

Na yule aliyekatwa mguu chini ya goti? Goti lake likiwa zima, akipata mguu bandia unaomkaa vizuri, aghalabu atatembea bila taabu kubwa. Karani wangu wa ghala hakuhitaji hata huo mguu ili kuandika kwenye leja yake.

Hofu ya mwajiri

Wako waajiri walionieleza wazi hofu zao. Wanasema mlemavu ataugua kila mara na kuomba ruhusa. Nawajibu kwamba ulemavu na ugonjwa ni vitu viwili. Mtu aliyepooza mguu kwa polio akiwa mtoto wa miaka mitatu hajawa mgonjwa tangu wakati huo. Virusi vilikwisha ondoka, na kilichobaki ni mguu dhaifu. Huenda yeye anakuja kliniki mara chache kuliko meneja wake mwenye presha.

Wanasema pia kwamba ni gharama. Yapo mabadiliko yenye gharama, kama vile kuweka lifti katika jengo la zamani. Lakini mengi huhitaji akili kuliko pesa: kuhamisha meza kutoka orofa ya tatu hadi ya chini, kuweka kibao cha mteremko mahali penye ngazi mbili, kumruhusu mtu aripoti baada ya msongamano wa matatu za asubuhi kupungua. Sheria ya mwaka 2003 yenyewe iliweka nafuu ya kodi kwa mwajiri binafsi aliyewaajiri walemavu au kurekebisha mahali pa kazi kwa ajili yao. Ni waajiri wangapi waliowahi kuiomba?

Jambo dogo likipuuzwa huweza kuwa ugonjwa. Niliwahi kumtibu mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu ambaye alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Nilimbadilishia dawa mara mbili. Hatimaye alinieleza kwamba tangu asubuhi hadi jioni hanywi maji, kwa kuwa mlango wa choo cha ofisini mwao ni mwembamba na kiti chake hakipiti. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa fundi seremala wa kupanua mlango.

Na kukaa bila kazi nako kunaumiza mwili. Yule karani alirudi kwangu na maumivu ya tumbo na kukosa usingizi kwa sababu alikuwa na watoto wawili wa kulipiwa karo na hakuwa na mshahara. Nimewaona wengine wakiingia katika huzuni nzito, wakiacha dawa zao za kisukari, wakinywa pombe hata ini likaharibika. Mshahara humfanya mtu aamke, aoge, atoke, akutane na watu, na awe na nauli ya kwenda kliniki.

Lipo pia kosa la kuwachagulia walemavu kazi zile zile za jadi. Kwa miaka mingi kipofu aliyesoma alipelekwa kupokea simu ofisini, na mlemavu wa miguu akafundishwa kushona viatu. Kazi hizo zina heshima yake, lakini siku hizi mitambo mingi ya simu haihitaji mtu, na viatu vya mitumba vimejaa kila soko. Siku hizi kompyuta huweza kumsomea kipofu maandishi kwa sauti. Kuna mawakili vipofu na walimu vipofu humu nchini. Mafunzo ya serikali yafuate kazi zilizopo leo.

Tufanye nini?

Wewe ambaye umepata ulemavu, au una ndugu aliyeupata, usikubali kutia saini barua ya kuacha kazi ukiwa kitandani hospitalini. Subiri upone, upate mguu bandia au kifaa kingine unachohitaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Ukija kwa daktari, njoo na karatasi inayoeleza kazi yako: unabeba nini, unasimama saa ngapi, unapanda ngazi ngapi. Daktari akiandika "hafai", mwulize kwa heshima: sifai kwa kazi ipi, na kwa muda gani? Kisha ujisajili na Baraza. Kulingana na hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya zaidi ya 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Asiye na kadi hukosa mengi aliyotengewa.

Wewe mwajiri, hesabu wafanyakazi wako leo uone unadaiwa wangapi. Ukituandikia barua, usiulize kama mtu anafaa. Tueleze kazi yenyewe, kisha uulize ni nini kitakachomwezesha kuifanya.

Serikali nayo ihakikishe kwamba anayepima ulemavu anafanya kazi pamoja na mtaalamu wa tiba ya kazi, kwa maana huyo ndiye aliyesomea kulinganisha mwili wa mtu na kazi yake. Isimlazimishe mtu asiyeweza kutembea kusafiri mara tatu kutafuta muhuri. Na kila mwaka itangaze, idara kwa idara, ni nani ametimiza asilimia 5 na ni nani hajatimiza, ikianza na ofisi zake yenyewe.

Wazee walinena kwamba kabla hujafa hujaumbika. Mwajiri anayesoma ukurasa huu huenda jioni akapanda gari au bodaboda kama yule karani. Mlango anaoupanua kwa ajili ya mwingine huenda siku moja ukampitisha yeye.

Niliandika barua ya pili kwa mwajiri wa karani yule, nikaeleza kosa langu na yale ambayo mtu wake angeweza kufanya. Nilijibiwa kwa adabu kwamba nafasi ilikwisha chukuliwa na mtu mwingine. Ilimchukua karani karibu miaka miwili kupata kazi nyingine ya kuandika leja, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Tangu siku ile, kabla ya kutazama mguu, mkono au jicho la mtu aliyekuja na barua ya mwajiri, mimi huketi na kumwuliza: unafanya kazi gani?