Jina la Mama Katika Kitabu cha Ubatizo



Wapo Wakanada wenye asili ya Kifaransa wanaoweza kutaja mababu zao hadi wahamiaji wa karne ya 17, nao si wazao wa wafalme bali wa wakulima na askari wa kawaida. Uwezo huo wameupata katika vitabu vya parokia. Amri ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1667 iliagiza ubatizo, ndoa na maziko viandikwe katika nakala mbili: moja ibaki kanisani, nyingine ipelekwe mahakamani. Kanisa likiungua, na makanisa ya mbao huungua, ukoo haupotei. Huko Quebec serikali yenyewe iliendelea kuvitegemea vitabu hivyo hadi mwisho wa mwaka 1993.

Hata hivyo, majina ya ukoo yanatatiza. Mwaka 1665 kiliwasili kikosi cha Carignan-Salières, askari wapatao 1,200, na takribani 400 wakabaki kuwa walowezi. Askari alikuwa na jina la kijeshi, lililounganishwa na jina la baba yake kwa neno "dit", yaani "aitwaye". Hivyo wazao wa Hudon dit Beaulieu wengine wakashika Hudon, wengine Beaulieu, na undugu ukafichika. Waliohamia viwanda vya New England wakaona majina yao yakitafsiriwa: Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King. Tena, kwa desturi, mvulana alibatizwa Joseph na msichana Marie kabla ya jina la kuitwa nyumbani, hata mgeni akadhani familia moja ilikuwa na akina Joseph sita!

Anayemwokoa mtafiti ni mama. Katika vitabu hivyo mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa, tangu ubatizo wake hadi maziko yake, hata kama ameolewa mara tatu. Hati ya ndoa nayo kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili, na hivyo kila ndoa hufungua mlango wa kizazi kilichotangulia. Kwa njia hiyo Padre Cyprien Tanguay aliweza kutoa kamusi yake ya koo katika mabuku 7, kati ya mwaka 1871 na 1890.

Sasa tujitazame. Kanuni ya 877 inataka wazazi watajwe katika kitabu cha ubatizo. Je, "Mama Fulani" ni jina? Anayeandikwa hivyo ametajwa kwa mtoto wake tu, kwao hakujulikani. Mjukuu atakayemtafuta miaka sitini ijayo atagonga ukuta, na hakutakuwa na mzee wa kumwuliza.

Kuhusu nakala ya pili, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko kupeleka nakala ya vitabu kwa askofu kila mwaka. Ile ya mwaka 1983 haikulirudia agizo hilo, nasi tunalisikitikia. Mchwa hawajabadilika tangu 1917. Kompyuta ni msaada mkubwa, lakini nayo huibiwa.

Basi wazazi watakaokuja kuandikisha watoto, tunawaomba walete majina kamili ya mama, pamoja na ya baba yake na mama yake. Foleni itakwenda polepole kidogo. Mtuvumilie.